Njiti Kumi na Mbili

Mtaani walimwita Msasa, kwa kuwa maneno yake yalikwaruza, ingawa ukimaliza kuongea naye ulitoka unang'aa. Maisha yake yote alilala chali chini ya magari ya watu, akikwangua kutu na kupaka lami ili maji ya barabarani yasipate pa kung'ata. Sasa masikio yalikuwa yamechoka kabla ya mikono, basi akamwita bintiye.

"Lipake gari la mama yako peke yako. Mvua ya kwanza ikipita bila gari kulalamika, gereji ni yako. Likilalamika, namwita binamu yako."

Binti aliitamani gereji ile tangu ana meno ya utoto. Na binamu huyo, Mungu amsamehe, alikuwa mtu wa kupaka lami juu ya tope.

Siku mbili nzima hakutoka kwenye shimo la gereji. Aliosha, akasugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kikacheka, akapaka rangi ya kuzuia kutu. Chini ya milango kuna vitundu vya kutolea maji, na Msasa alikuwa na mtindo wake wa kuvilinda: kila kitundu unakichomeka njiti ya kiberiti, lami ikikauka unaichomoa. Ndiyo maana jikoni kwao kiberiti hakikudumu. Binti alichomeka njiti kumi na mbili, akapaka lami huku anaimba, mpaka viwiko vikawa vyeusi. Alipomaliza alijiona fundi wa mafundi.

Mvua ikaja, ikanyesha usiku kucha. Asubuhi mama yake, mkunga wa miaka mingi, akasimamisha gari mbele ya gereji.

"Mwanangu, gari langu lina mimba."

Akalitikisa. Ndani ya milango maji yakaitikia: chubwi, chubwi. Binti akainama kuchungulia chini ya mlango. Njiti! Alisahau kuzichomoa. Akachuchumaa na msumari, akapapasa, akachokonoa ya kwanza. Maji yakamrukia mapajani.

"Chupa imepasuka!" mama akapiga kelele. "Sukuma, mwanangu, sukuma!"

Wakacheka mpaka wakashikiliana. Kisha mama akatupa jicho kule Msasa alikoketi na redio yake.

"Baba yako hajasikia kitu," akasema.

Zilibaki njiti kumi na moja. Angeweza kuzichomoa kimyakimya, na gereji ingekuwa yake kabla ya chai. Lakini alikuwa amelelewa na mkunga, na msemo wa mkunga huyo kwa kila mzazi mwenye haya aliujua kwa moyo: mficha uchi hazai. Akajifuta mikono, akavuka ua hadi kwa baba yake.

"Baba, nilisahau njiti."

"Nini?"

"Njiti! Sikuzichomoa!"

"Paza sauti, mwanangu!"

"NIMEZIBA MATUNDU YOTE YA GARI LA MAMA!"

Fundi cherehani wa ng'ambo akasimamisha mashine. Wateja wawili wakageuka. Binti akatamani ardhi ipasuke immeze.

Msasa akainuka, akaagiza gari lisogezwe juu ya shimo, akashuka na tochi, na umri wake wote. Alikaa huko kitambo. Alipotoka alikuwa na lami puani.

"Kazi safi," akasema. "Hakuna hata kovu." Akatia mkono mfukoni, akampa bintiye funguo za gereji, na juu yake kiberiti. "Hiki ni cha mama yako. Mrudishie."

"Lakini Baba, gari limelalamika!"

"Gari limelalamika, na fundi amekiri. Binamu yako angewasha redio ili maji yasisikike." Akasogea karibu, akashusha sauti. "Nilikusikia tangu mara ya kwanza. Nilitaka mtaa nao usikie gereji hii imepata fundi wa aina gani."

Binti akamkumbatia kwa mikono yake yote miwili myeusi, analia na kucheka, na shati jeupe la mzee likaharibika palepale.

"Fundi!" mama akaita kutoka kwenye gari. Tangu amzae hakuwahi kumwita hivyo. "Bado kumi na moja huku, uchungu umeshika!"