Nafasi ya Nopoko

Nafasi ya Nopoko ya kusomea udaktari ilipotea Ijumaa saa sita mchana, na aliyeipoteza ni baba yake mzazi.

Rasmané alikuwa fundi baiskeli pale Tampouy, mjini Ouagadougou. Mkewe alishafariki, nyumbani wakabaki wawili, yeye na binti. Nopoko alipofaulu bakalorea, mtihani wa kumaliza sekondari, walikwenda kwa Toé, mwenye duka la kompyuta jirani na karakana, akawajazia maombi: udaktari kwanza, palepale mjini, ili binti awe anarudi kulala kwao. Namba ya simu wakaweka ya Rasmané. Kisha Nopoko akaenda kijijini kumsaidia bibi yake palizi, huko ambako mtandao haufiki.

Jumanne ujumbe ukaingia. Rasmané hakujua kusoma, akampelekea Toé.

Sasa Toé ni Msamo na Rasmané ni Mmosi, makabila yaliyo watani tangu enzi za mababu. Miaka kumi na tisa hawakuwahi kusalimiana bila matusi.

"Mtumwa wangu, umeleta nini leo?"

"Soma, mla mbwa."

Toé akasoma, uso mkavu. "Kapata udaktari. Lakini lazima athibitishe kabla ya Ijumaa saa sita, la sivyo anapewa mwingine. Niachie simu nimthibitishie."

Rasmané alicheka hadi akashika ukuta. "Wiki jana ulisema kapangiwa chuo cha kuchunga punda! Leo unataka simu yangu ukaiuze ununue mbwa?"

"Rasmané, sitanii."

"Hutanii! Siku ya kumzika mke wangu ulilala kaburini ukadai ulipwe ndipo utoke. Na siku ile pia ulisema hutanii."

Akaondoka na simu yake. Alhamisi Toé akamfuata karakanani kumkumbusha. Rasmané akamtupia tairi bovu.

Jumapili Nopoko alirudi, akachukua simu, akasoma, akaketi chini.

"Baba, nani alikusomea huu?"

"Toé."

"Akasemaje?"

Rasmané akamweleza yote, hata la mbwa. Nopoko hakulia. Aliinuka akaenda kuosha mikono.

Nafasi iliyobaki ilikuwa ya jiografia, katika mji wa mbali wa Gaoua. Siku ya safari Toé alikuja kituoni, akampakilia binti begi, kisha akamgeukia baba.

"Habari za asubuhi, Bwana Rasmané."

Rasmané akangoja tusi. Halikuja. Naye alilokuwa nalo mdomoni akalimeza.

Jioni ile alisonga ugali wa watu wawili, kwa mazoea, akala upande wake wa bakuli.

Hesabu yake ni fupi. Nafasi moja ya udaktari. Binti mmoja, aliye mbali siku nzima kwa basi. Na mtani mmoja, anayefungua duka hatua kumi kutoka karakana kila asubuhi, na kumwita Bwana.