Chokochoko na Majoho ya Kwaya

"Nimeshasema aondoke, wifi. Ama yeye, ama mimi."

"Shusha kwanza hiyo pasi, utaunguza mtu."

Wifi yake dobi akaisimamisha pasi mezani, ila mdomo hakuushusha. Tangu asubuhi walikuwa mbiombio pale duka la kufulia na majoho ya kwaya. Yalikuwa ishirini na manne, yameshanyooshwa na kukunjwa, na mwalimu wa kwaya angeyafuata saa nane. Sasa kumi na moja yalikuwa yakirandaranda chumbani, mikono imejaa hewa, moja likijaribu kutoka dirishani. Juu ya yale yaliyobaki alikaa Chokochoko, anajilamba mkia kama vile hayamhusu.

Alikuwa kiumbe mwenye ukubwa wa paka mchanga na masikio marefu kama soksi. Dobi alimkuta miezi miwili nyuma ndani ya furushi la mashuka yasiyo na mwenyewe, hajafumbua hata macho, akamlea kwa maziwa ya kijiko. Nguo yoyote aliyoinusa iliamka ikaenda zake. Mwanzoni zilikuwa soksi tu, na watu walicheka.

"Nyumbani kwako nako anafanya hivi?"

"Nyumbani hana neno. Nikimwambia lala, analala."

"Basi ananichukia mimi."

"Usijipe ukubwa."

Wifi hakucheka. Alikwisha kuvua aproni, na hapo dobi akapiga hesabu. Bila mkono wa wifi kwenye pasi, kola za duka lile zingekuwa kama kola za duka lolote. Na bila Chokochoko, nyumba ambayo kitindamimba wake alihama mwaka jana ingerudi kuwa kimya.

Akamnyanyua Chokochoko kwa ngozi ya shingo ili amkaripie uso kwa uso. Kwenye sharubu aliona chembe nyeupe. Akazigusa kwa kidole, akaonja.

"Wifi. Hii sukari imetoka wapi?"

Wifi akaanza kuikunja aproni yake vizuri mno.

"Kidogo tu. Kijiko."

"Kimoja?"

"Asubuhi. Na saa nne. Na juzi viwili. Hujui anavyonitazama, wifi."

"Nimezaa watatu. Wote walikutazama hivyohivyo, na wote waling'olewa meno."

Joho moja likapita katikati yao. Wifi akalidaka, akaficha uso humo, mabega yakamtikisika. Dobi alimjua miaka ishirini. Hicho hakikuwa kilio.

"Mimi nakataza sukari isimtie wazimu, wewe unalambisha," alisema. "Halafu mtoto ndiye mwenye makosa."

"Sasa?"

"Sasa tunalea wote. Geuka."

"Nigeuke nini?"

"Geuka, saa zinakwenda."

Akamviringisha Chokochoko kwenye shuka, akambandika mgongoni kwa wifi na kufunga mafundo mawili kifuani, yaleyale aliyowafungia wanawe. Kisha akainama, akavuta kopo la sukari chini ya meza, akalimwaga lote kwenye sinki na kufungulia maji. Chokochoko akarusha mateke, akalalama, akanusa shingo ya wifi, akatulia.

"Ananitazama," wifi akanong'ona.

"Yuko mgongoni. Utamwonaje?"

"Nahisi."

"Hisi huku unanyoosha."

Dobi akafunga dirisha, akalishika joho la kwanza kwa mkono, akalilaza mezani. Wifi akavaa aproni juu ya mafundo na kuchukua pasi.