Wafu Sita wa Ashuri

Mwandishi Nabuleu alikuwa amekaa kivulini kwenye ua wa hekalu la mungu Ashuri, akikanda udongo wa kibao cha kuandikia barua ya vita. Kila mwaka mfalme wetu akitoka vitani humwandikia mungu barua, na kila mwaka waliokufa humo huwa sita: mwendesha gari la vita mmoja, wapanda farasi wawili, wabomoa kuta watatu. Vita viwe vikali vipi, ni sita tu.

Mwaka ule tulikwenda kuwatia adabu watu wa Urartu, tukatiwa sisi. Wafu elfu mbili na ushei walifika mjini kabla ya walio hai, maana wao hawakuwa na haja ya kupumzika njiani. Kila mmoja akaenda kwake. Wake zao wakalalamikia vumbi.

Mannuki, mume wa dada yake Nabuleu, alirudi na mshale kifuani, akaketi mahali pake pa siku zote. Chakula hakutaka, ila kiu ilimtesa, kwa kuwa mfu hanywi ila maji anayomwagiwa ardhini na jamaa zake, kwa jina lake. Makuhani wakamkatalia mkewe, Ahatabisha, kummwagia. Barua haijamtaja mumewe, walisema, kwa hiyo si mfu.

Ahatabisha akaja uani udongo ungali mbichi.

"Kaka, mwandike. Siku ya nne leo analamba mtungi kwa nje."

Nabuleu aliona uchungu, tena mwingi. Akashika kalamu ya tete. Lakini sisi waandishi tunajua alama mia sita, na hatuna hata moja ya kumwambia mkubwa hapana. Akajikuna, akausifu udongo wa mwaka huo, akasema atalifikiria. Akalifikiria mpaka kibao kikakauka.

Barua ilisomwa hadharani. Wafu nao walihudhuria, wakashangilia mahali pa kushangilia. Mungu hakusema kitu, nasi tukaandika kwamba ameridhika.

Kiangazi kilichofuata askari wakaitwa kwa majina, na Mannuki akaitwa, kwa kuwa alikuwa hai. Mkewe akamsindikiza hadi langoni, akamkuta kaka yake na vibao vyake.

"Safari hii akifa, utamwandika?"

"Nisikudanganye, dada. Nafasi sita za mwaka huu zimeshajaa. Watoto wa wakubwa."

Mannuki akamwambia mkewe amwache shemeji, kazi ni kazi. Kisha akajipanga na wenzake, akilamba midomo.