Barrière Nyuma ya Jiko

Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mzee Syauswa alivaa viatu vyake vya mpira, akanawa mikono kwenye bidon ya maji ya klorini iliyobaki mlangoni tangu wakati wa Ebola, kisha akaanza kuizunguka nyumba yake. Mzunguko mmoja ulikuwa hatua tisini na mbili. Alipita mbele ya mlango, akafuata uzio wa miti upande wa jirani yake Kahongya, akazunguka jiko la nje, akapita choo, akarudi mlangoni. Muuguzi Berthe wa kituo cha afya alimwambia kwa simu kwamba mtu mwenye presha asipotembea, miguu inavimba. Alimwambia pia asitoke nje ya parcelle yake, yaani kiwanja chake. Syauswa alimuuliza afuate lipi kati ya hayo mawili. Berthe alisema yote mawili.

Kwa miaka thelathini na moja Syauswa alikuwa mkuu wa kikosi cha kutengeneza barabara kati ya Butembo na Beni. Alijua kila kona na kila mtaro, na alijua mvua ya mwezi wa nne itakata udongo wapi. Alipopewa pensheni alifikiri angepumzika wiki moja, halafu angetafuta la kufanya. Mkewe Kavugho ndiye aliyepata la kufanya. Binti yao Victoire alijifungua huko Beni, katika commune ya Mulekera, na Kavugho akapanda gari kwenda kumsaidia kwa wiki mbili. Katika wiki ya pili korona ikatangazwa. Magari ya abiria yakakatazwa kati ya miji hiyo miwili, na amri ya confinement ikatoka kwamba watu wa miaka sitini na zaidi wabaki ndani ya parcelle zao. Syauswa alikuwa na miaka sitini na saba, Kavugho sitini na minne.

Walizungumza kwa simu kila jioni.

"Papa Victoire, leo ulitembea?"

"Nilizunguka mara makumi ine. Niko kama mbuzi ya kufunga ku muti."

"Tembea polepole."

"Kukimbia, nitakimbia nafika wapi?"

Katika wiki ya tatu mzunguko ulifika hatua mia moja na nne. Syauswa alifikiri amekosea kuhesabu, akarudia, akapata mia moja na sita. Alitoa utepe wake wa kupimia, ule wa kazini, akapima uzio kwa upande wa nje, akinyoosha mkono juu ya miti: mita kumi na tano kwa ishirini, kama ilivyoandikwa kwenye hati. Akapima kwa ndani. Zamani, kutoka pembe ya jiko hadi choo palikuwa na mita tatu. Sasa palikuwa na mita kumi na moja. Alimwita Kahongya juu ya uzio amuulize kama kwake kumepungua. Kahongya alitazama kabichi zake, akasema kwake kuko sawa.

Nafasi iliendelea kuongezeka kila siku. Mwanzoni mwa mwezi wa tano, Syauswa alipopita jiko na choo alikuta mikaratusi ambayo hakuipanda, halafu kilima kidogo, halafu kijito alichovuka kwa mawe. Uzio ulikuwa bado upande wake wa kushoto, miti ileile. Mzunguko mmoja ulimchukua hadi saa sita mchana, akawa anazunguka mara moja tu. Alimpigia Berthe kumuuliza kama mara moja inatosha. Berthe alimuuliza kama anatoka nje ya parcelle. Alisema hapana. Berthe akasema basi inatosha.

Siku moja ya jumanne, baada ya mwendo wa saa tatu na nusu, mikaratusi iliisha na migomba ikaanza, kisha mikakao, na joto likawa la kule chini, la Beni. Kwenye pembe ya uzio palikuwa na mlango wa mabati. Syauswa aliusukuma, akaingia nyuma ya nyumba ya binti yake huko Mulekera. Kavugho alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua majani ya muhogo ya kupikia sombe.

"Ulipita wapi?" aliuliza.

"Nyuma ya jiko."

Kavugho alitazama viatu vyake. "Usiingie na ile matope. Nawa mikono."

Alinawa. Victoire alimletea mtoto, msichana wa miezi miwili aliyeitwa Aurélie, na Syauswa alimshika mara ya kwanza, akiwa na barakoa hadi machoni. Walikula bugali na sombe. Kavugho alimwambia kwamba amekonda, kwamba kola ya shati lake ni chafu, na kwamba asithubutu kuosha tena nguo nyeupe pamoja na soksi. Saa tisa alianza safari ya kurudi. Kavugho alimsindikiza hadi kwenye kijito. Hakwenda naye hadi Butembo kwa sababu mtoto alikuwa na kikohozi, na Victoire alikuwa bado hajapata nguvu.

Akawa anakwenda jumanne na ijumaa. Alipima njia nzima kwa utepe: kilomita kumi na nne na mita mia mbili. Barabara kubwa ina kilomita hamsini na zaidi, lakini ina kona nyingi, na kona hizo Syauswa alizijua mwenyewe. Zaidi ya hayo, ndani ya uzio hapakuwa na watu wenye silaha kama huko barabarani. Presha yake ilishuka. Berthe alifurahi, akasema huo ndio umuhimu wa kufuata maagizo.

Kahongya ndiye aliyeitaja njia hiyo kanisani, bila ubaya, alipoulizwa habari za jirani yake. Jumatatu iliyofuata Phinées, chef wa quartier, yaani mkuu wa mtaa, alikuja na faili chini ya kwapa. Hakukaa. Alizunguka jiko, akatazama mikaratusi inavyoteremka hadi mbali, akarudi.

"Mzee, tunasikia parcelle yako inafika Beni."

"Inafika Mulekera. Mu mujini haifike."

"Uko na document?"

"Niko nayo. Mita kumi na tano kwa makumi mbili."

"Donc ile ingine yote haiko yako."

"Iko ndani ya uzio yangu, Chef."

"Uzio iko yako. Njia iko ya État, ya serikali." Phinées aliandika kitu. "Na wewe uko na miaka ngapi?"

Syauswa alimwambia, ingawa Phinées alikuwa amesoma darasa moja na mdogo wake na alijua vizuri.

Alhamisi walileta barrière: nguzo mbili za mikaratusi yake mwenyewe, kamba ya nailoni, bidon ya klorini, meza, na polisi mmoja aliyeitwa Kabongo, mtu wa Kasai, mpole, mwenye kipimajoto chenye umbo la bastola. Waliisimika baina ya jiko na choo, kwa sababu hapo palikuwa na kivuli. Kabongo alimpima Syauswa joto kwenye paji la uso.

"Makumi tatu na sita. Muzuri. Mais batu ya makumi sita na zaidi, hapana kupita."

"Minaenda ku choo."

"Choo iko ng'ambo ya barrière, Mzee."

"Ile choo mi njo niliichimba."

"Siko nakatala. Uandike tu jina, na saa ya kurudia."

Syauswa aliandika jina. Kuanzia siku hiyo alikuwa akiandika jina mara nne au tano kwa siku, na Kabongo alikuwa akimpima joto kwenda na kurudi. Kila mara ilikuwa thelathini na sita.

Wiki iliyofuata walikata uzio upande wa mbele ili gari lipite. Wa kwanza alikuwa mkubwa mmoja mwenye barua. Alipita na jeep yake, madirisha yamefungwa, akafika Beni kwa dakika ishirini na tano. Baada yake walikuja wengine wenye barua. Walikuja wafanyabiashara waliokuwa na mizigo iliyokwama mpakani Kasindi, wakaja wakwe wa wafanyabiashara, ikaja harusi nzima yenye jeep sita na matarumbeta. Kabongo aliteremsha kamba, akapandisha kamba. Waliokuwa ndani ya magari hawakupimwa joto kwa sababu hawakuteremka. Syauswa alikaa kwenye mlango wa jiko, vumbi linaingia kwenye sufuria, akasoma barua moja aliyoonyeshwa. Ilisema mwenye barua ana sababu muhimu ya kusafiri.

"Na mimi niko na bibi kule," alimwambia Kabongo.

"Uko na barua?"

"Niandikiwe na nani?"

"Na Chef."

Alikwenda kwa Phinées, yaani alimtumia ujumbe, kwa sababu hakuruhusiwa kutoka. Phinées alijibu kwamba barua inaombwa ofisini, mwombaji mwenyewe akiwepo.

Kavugho alipoona jumanne mbili zimepita, alichukua kikapu akaanza kutembea kutoka upande wake. Alifika kwenye barrière saa tano, miguu imejaa vumbi jekundu, akasimama ng'ambo ya kamba. Kabongo alimpima joto, akamuuliza miaka.

"Mwana wangu, uko namuuliza mama miaka?"

"Kazi, Mama."

Alimwambia. Kabongo alisikitika kweli. Aliwaletea kiti kimoja kila upande, mita moja na nusu kutoka kwenye kamba, akaenda kukaa kwenye meza akageuza uso. Kavugho alifungua kikapu: samaki wa kukaanga, ndizi za makemba, na soksi mbili alizofuma. Vilipitishwa kwa Kabongo, aliyevipulizia klorini kidogo. Samaki alikuwa na harufu ya hospitali. Syauswa alimmaliza.

"Mwambie Chef niko na presha," alisema Kavugho.

"Nilimwambia hata ya kwangu."

"Njo alisema nini?"

"Alisema watu ya presha njo wabaki mu nyumba."

Kavugho alikitazama choo, akaitazama kamba, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kupiga kelele, kisha akaanza kukunja kitambaa cha kikapu. Alikikunja mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Saa nane aliondoka, na Syauswa akamtazama mpaka kitenge chake kilipopotea kati ya mikaratusi. Kisha ikaja jeep, akavuta kiti chake pembeni.

Mvua za mwezi wa tisa ziliharibu njia. Haikuwa na mtaro hata mmoja, na magari yalikuwa mazito. Palipokuwa kijito pakawa dimbwi, na jeep ya mkubwa wa kwanza ikakwama humo siku mbili. Phinées alikuja na barua, safari hii ya Syauswa. Mzee alifuta mikono kabla ya kuipokea. Barua ilimteua msimamizi wa salongo, kazi ya kujitolea, kutengeneza njia hiyo kwa heshima ya ujuzi wake.

"Donc ninaweza kupita," alisema Syauswa.

"Unaweza kutengeneza. Mupaka ku barrière."

"Ku barrière ni mita nane, Chef. Tope iko kule mbele."

"Kule vijana watafanya. Wewe utawafundisha."

"Nitawafundisha nikiwa wapi?"

Phinées alionyesha mlango wa jiko.

Syauswa alitengeneza mita zake nane. Alichimba mtaro pande zote mbili, akaweka mawe, akashindilia udongo kwa gogo, akafanya mgongo katikati ili maji yateremke. Zilikuwa mita nane nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza. Vijana hawakuja. Kavugho, ambaye kwa miaka mingi alimsikia mumewe akieleza mambo ya mitaro wakati wa kula, alichukua jembe la Victoire, akaanza kuchimba kutoka upande wa Mulekera. Hakuwa na barua, kwa hiyo hakuna aliyemwekea mpaka. Alifika kwenye kijito mwezi wa kumi na moja, akaweka mawe. Jioni Syauswa alimuuliza kwa simu kama mawe makubwa ameyaweka chini.

"Hata wewe uko natuma amri sasa?" alisema Kavugho, akakata simu. Baadaye alipiga tena, akasema ndiyo, chini.

Barabara kubwa ilikuwa imeshafunguliwa kwa magari ya abiria, lakini hakuna aliyekuja kuwaambia wazee lolote, na Victoire alikuwa ameanza kazi dukani na hana wa kumwachia mtoto. Kavugho alirudi nyumbani mwaka uliofuata, Victoire alipopata mlezi wa mtoto, kwa basi, pamoja na masanduku mawili. Alishuka, akaingia kwa upande wa mbele ambako zamani palikuwa na uzio, akasimama mbele ya Kabongo.

"Confinement iliisha," alimwambia.

"Ya kule ku barabara njo iliisha, Mama. Ya hapa hatuyapata barua."

Kavugho aliandika jina, akaenda chooni.

Victoire alikuwa akiwaletea mtoto siku ya kupumzika kwake, kwa miguu, kupitia njia ya ndani. Alikuwa kijana, alipimwa joto, akapita. Lakini siku moja, Kabongo akiwa bado anaandika, Aurélie aliyeanza kutembea mwezi huo aliuachia mkono wa mama yake. Alipita chini ya kamba wima kabisa, bila kuinama, kwa sababu kimo chake hakikuifikia. Alitembea zile mita nane kwenye mgongo wa katikati, akayumba, akashika goti la Syauswa. Syauswa alimbeba. Kavugho alicheka mpaka akakaa chini.

Kabongo alitafuta kwenye daftari, hakuona safu ya watu wa namna hiyo, akatoa ripoti.

Kesho yake waliongeza kamba ya pili, chini. Hawakuwa nayo, wakaazima ile ya Kavugho ya kuanikia nguo. Hajarudishiwa. Siku hizi anaanika shuka zake kwenye barrière, na Kabongo humwomba kwa adabu aziondoe kabla ya saa nne, magari yanapoanza kupita.