Skrubu ya Hewa

Muuza maziwa hakusalimia. Aliizima pikipiki yake mlangoni mwa karakana, akaiegemeza kwenye nguzo, akaanza kufoka hata kofia hajaivua.

"Dada fundi, nimekukosea nini mimi? Nimekuletea pikipiki inakohoa, umenirudishia inavuta sigara! Njia nzima natoa moshi mweusi, watu wanaziba pua. Mafuta yanakwisha kabla sijafika nyumba ya mwisho!"

Fundi alichukua spana, akaifungua plugi, akaigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa nyeusi tititi, imejaa masizi makavu. Jana asubuhi aliiacha ikiwa na rangi ya biskuti, rangi anayoitafuta kila anayejua kazi hiyo: mafuta hayakuzidi, hewa haikuzidi. Aliisikiliza injini ile mpaka ikatulia kama mtoto aliyeshiba. Sasa masizi haya yametoka wapi?

Kutoka upande wa pili wa karakana, nyuma ya safu ya matairi chakavu, shemeji yake alicheka kwa sauti kubwa, kama kawaida yake.

"Nilisema mimi! Kabureta si sufuria, ukoroge tu uondoke!"

Muuza maziwa naye akacheka kidogo, na kile kicheko kidogo ndicho kilichomchoma fundi zaidi.

Karakana ilikuwa ya ndugu wawili. Mdogo, mume wa fundi, ndiye aliyemfundisha kazi, kwanza kwa utani, kisha kwa dhati alipoona mkewe ana mkono mwepesi. Mume alipofariki, siku ya mazishi yenyewe, fundi alimsogelea shemeji pale alipokuwa amesimama peke yake, akamwambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, tusiache kazi yake ife. Tushirikiane." Yule bwana hakumtazama hata. Aliondoka zake, akamwacha amesimama na maneno yake mkononi. Fundi alilimeza fundo hilo na hajalitema mpaka leo. Aliporudi kazini baada ya matanga alikuta matairi yamepangwa katikati ya karakana, upande wako huo, upande wangu huu. Tangu hapo hakuitwa shemeji tena. Aliitwa "we mwanamke".

Na sasa pikipiki zilikuwa zinarudi. Kwanza ya mpeleka mikate, kisha ya mwalimu, leo ya muuza maziwa. Zote alizitengeneza asubuhi, zikalala mchana hapo karakana zikisubiri wenyewe, na zote zikaondoka na moshi. Hakuhitaji kupiga ramli. Mtu alikuwa anamchezea.

"Niachie hapa," alimwambia muuza maziwa. "Uje jioni. Ikitoa moshi tena, usinipe hata senti, na ukanitangaze mji mzima."

Aliisafisha plugi, akaiwasha injini, akaiacha ipate moto. Akaishika bisibisi nyembamba. Aliifungulia taratibu skrubu ya hewa ubavuni mwa kabureta, injini ikapanda sauti, ikapanda tena, kisha ikaanza kuyumba. Akarudisha kidogo. Hapo. Sauti ikawa nyembamba, safi, isiyokwama popote. Kisha akatoa mkobani kichupa cha rangi ya kucha ya binti yake, akachora mstari mwembamba mwekundu kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye mwili wa kabureta. Skrubu ikigeuzwa kidogo tu, mstari utakatika.

"Naenda kununua gasketi!" alitangaza, akiipungia mkono karakana nzima, na akatoka.

Hakwenda mbali. Duka la vipuri lilikuwa ng'ambo ya barabara, na mwenye duka, mama mmoja mnene mwenye maneno mengi, alimpa kiti nyuma ya rafu ya minyororo.

"Leo nakula naye sahani moja," fundi alisema.

Hawakusubiri sana. Shemeji alichungulia barabarani, akafuta mikono, akaruka matairi. Aliiwasha pikipiki ya muuza maziwa. Lakini hakufanya kama mwizi. Alichuchumaa, akalaza kichwa juu ya tangi mpaka sikio la kulia likagusa bati, kiganja kimoja akakiweka karibu na injini, macho akayafumba. Akageuza skrubu. Akatega. Akageuza tena, mpaka injini ikawa inapiga mapigo mazito ya kushiba mafuta, dumu, dumu, dumu. Ndipo alipofumbua macho, uso umetulia, uso wa mtu aliyesahihisha kosa la mwenzake.

Fundi damu ilimchemka. Kumbe hamharibii kazi, anamrekebisha! Yaani anamwona ni wa kurekebishwa.

Wakati huo huo lori la maji lilikuwa likirudi nyuma kuelekea mlango wa karakana, honi inalia mfululizo. Watu wa barabara nzima waligeuka. Shemeji hakugeuka. Utingo alishuka, akampiga begani, ndipo yule bwana akaruka kama aliyemwagiwa maji.

"Hasikii huyo," mwenye duka alisema, akihesabu minyororo yake. "Nimemwita mpaka nimechoka. Nilidhani ni kiburi."

Mazishi yalimrudia fundi yote: sauti yake ya chini, mgongo wa yule bwana ukienda. Yeye alikuwa amesimama upande gani? Wa kushoto, na sikio alilotegea injini yule bwana ni la kulia. Chuki yote ile ilianzia kwenye sikio bovu. Mtu mwingine huenda angelainika. Yeye alikumbuka yale matairi, na vicheko, na wateja aliowapoteza, akaona kwamba amepewa rungu, na rungu hilo atalitumia.

Jioni muuza maziwa alikuja, na kama kawaida ya saa hizo wateja wengine walikuwa wamejaa wakisubiri. Fundi aliwaonyesha mstari mwekundu uliokatika.

"Huu niliuchora mimi. Aliyeigeuza skrubu yupo humu humu."

"Nimeigeuza ndiyo!" shemeji alinguruma. "Umeiacha na njaa! Injini inalia kwa hewa, utaunguza pistoni za watu. Jina la karakana hii ni letu, si lako!" Akawapa mgongo, akarudi kwenye meza yake.

Fundi alimfuata. Alisimama nyuma ya bega lake la kushoto, akawatazama wateja, kisha akasema kwa sauti ya mazungumzo tu, "Shemeji, shati lako linawaka moto."

Shemeji aliendelea kupekua misumari.

"Shemeji, linawaka mgongoni."

Mtu mmoja aliangua kicheko. Wakafuata wote, muuza maziwa akishika mbavu. Kicheko kile kilikuwa kikubwa kiasi cha yeye kukisikia. Aligeuka, akaona midomo iliyo wazi, akamwona fundi alivyo karibu, akaelewa. Spana iliruka kutoka mkononi mwake, ikapita kando ya kichwa cha fundi na kugonga ukuta, plasta ikamwagika. Vicheko vikakatika.

"Umenivua nguo mbele za watu," alisema. Kwa mara ya kwanza hakupaza sauti. "Mumeo alijua. Tangu kompresa ile ya zamani ya kujazia upepo ilipolipuka ubavuni mwangu, alijua. Mimi nageuza skrubu, yeye anasikiliza, ananikonyeza: acha, hapo hapo. Miaka yote. Hakumwambia mtu. Hata wewe hakukwambia."

"Ungeniambia wewe," fundi alijibu. "Mimi ningekusikilizia."

"Wewe?" Akatema mate chini. "Wewe umeleta mashahidi."

Alibeba vyombo vyake jioni hiyo hiyo. Mama mkwe alipopata habari alikuja mwenyewe, akakataa kiti, akakataa maji.

"Mwanangu mmoja nimemzika," alisema. "Wa pili umenizikia wewe, na bado anatembea. Usiniite mama."

"Alikuwa ananimwagia unga wangu, mama!"

"Nimekwambia usiniite."

Kazi iliongezeka. Pikipiki hazikurudi tena na moshi, na muuza maziwa alikuwa wa kwanza kumsifu, kwa mdomo ule ule. Fundi aliyatoa matairi, akaweka meza ya pili. Kumwondoa yule bwana hakujutia. Ile spana ingempasua kichwa. Kilichomnyima raha ni mume wake, aliyelala naye kitanda kimoja na siri ya kaka yake kifuani, na hakumwamini nayo. Kila akiishika bisibisi alijiuliza mumewe alikuwa ameona nini kwake.

Siku moja alipita karibu na pa kuoshea magari, ambapo shemeji sasa alikuwa akitengeneza breki na kuziba mipira ya matairi, kazi zisizotaka sikio. Alisimama mbele yake, mahali pa kuonekana, akasema polepole, "Breki za wateja wangu nikuletee wewe?"

Shemeji alimtazama midomo mpaka akamaliza. Kisha akachukua kigoda chake, akaingia nacho ndani, akafunga mlango. Fundi alisubiri kidogo, akasikia nyundo ikianza kugonga chuma, akaenda zake kununua plugi.