Kisanduku cha Tatu

Nina bucha kwa miaka kumi na tisa. Natoka nyumbani kabla hakujapambazuka, narudi nanuka mafuta ya mbuzi, na watoto wangu wote wamekulia kati ya ndoana na shoka. Halafu mtu kama mimi naitwa shuleni eti binti yangu amegoma kupasua chura!

Barua ilisema praktikali ni Ijumaa na asiyepasua anapata sifuri. Sifuri hiyo ingemtoa kwenye mkondo wa sayansi, na huyu mtoto tangu ana miaka sita anasema atakuwa daktari wa mifugo. Daktari wa mifugo anayeogopa chura! Nilicheka kwanza, kisha nikapandwa na hasira.

Nikaona dawa ni kumzoesha damu. Jumatano alipotoka shule nikampeleka buchani, nikamvalisha aproni yangu, nikamwekea moyo wa ng'ombe juu ya gogo. Nilishasogeza kiti nyuma yake, akizimia asije akaanguka chini.

"Kata," nikamwambia.

Akakata, tena kwa mkono mtulivu kuliko wangu. Akafungua vyumba vinne, akanionyesha vali, vile vilango vinavyozuia damu isirudi nyuma, akanieleza damu inaingilia wapi na kutokea wapi. Miaka yote hiyo nauza mioyo na sikuwahi kujua hayo. Kile kiti nikakikalia mimi.

"Kumbe huogopi!"

"Nani alikwambia naogopa, baba?"

"Sasa huyo chura amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu. Ndiyo maana sitaki kumuua." Akafuta kisu. "Wanaletwa arobaini kwenye ndoo, wazima. Tunawaua, tunawapasua, kengele ikilia tunawamwaga kwenye pipa. Na michoro yao yote imo kitabuni. Wewe hapa umewahi kutupa nini?"

Nikaanza kuhesabu. Ngozi anachukua fundi viatu, mifupa na kwato zinakwenda kwa wapika supu, vipande visivyouzika wanakula mbwa wa mlinzi. Mteja akidondosha hata kipande cha utumbo nampigia kelele mtaa mzima usikie. Na mtoto amekuwa akinisikia tangu anatambaa.

Alhamisi nikafunga bucha, nikaenda naye shuleni. Mwalimu wa baiolojia, kijana wa koti jeupe lililonyooshwa kwa pasi, hakunikaribisha hata kiti.

"Mzee, silabasi ni silabasi. Leo amekataa chura, kesho atakataa hesabu."

"Hesabu haina damu, mwalimu."

Mkuu wa shule, mama mmoja aliyeonekana kuchoka tangu asubuhi, akafungua droo tatu ndipo akatoa waraka. Ulisema mwanafunzi ana haki ya kukataa kupasua mnyama, na apewe kazi nyingine yenye alama zile zile. Mhuri wake ulikuwa wa miaka miwili iliyopita! Miaka miwili haki ya watoto imelala chini ya stepla, na watoto wanatishiwa sifuri. Nilitamani kupiga meza, na kidogo niliipiga.

Kumbe na fomu ilikuwepo. Sehemu ya sababu ilikuwa na visanduku viwili: dini na afya.

"Weka tiki kwenye afya," Mkuu akaniambia. "Andika huwa anazimia, tumalize."

Nikashika kalamu. Sitadanganya, ningeweka. Kichwa kilikuwa kinaniuma na wateja walikuwa wamesimama kwenye mlango wa bucha uliofungwa.

"Baba," binti yangu akasema taratibu, "mimi sijawahi kuzimia."

"Basi tuweke dini?"

"Dini yetu haina habari na vyura."

"Jamani, weka popote!" mwalimu akafoka. "Fomu haina kisanduku cha tatu!"

Hapo uvumilivu ukaniishia. Nikachomoa rula kwenye mfuko wa koti lake, nikachora kisanduku cha tatu, nikakiwekea tiki, na pembeni nikaandika kwa herufi zangu kubwa za kuandikia bei: KWETU HATUUI KITU TUKAKITUPA.

Mkuu akasoma mara mbili. Akamtazama mwalimu, akagonga mhuri.

Ijumaa binti yangu alikwenda na moyo wa ng'ombe kwenye beseni, kisu chetu na ubao wetu. Kila sehemu aliichomekea kijiti cha meno chenye kibendera cha karatasi, kimeandikwa jina. Wenzake kumi na mmoja waliacha vyura wao kwenye ndoo wakaja kuzunguka meza yake. Mwalimu akampa kumi na nane kwa ishirini. Mbili alizikata kwa kuwa silabasi haimtaji ng'ombe. Nilivaa viatu niende nikamwone huyo mwalimu, mke wangu akakaa mlangoni na kuniambia nivue.

Moyo ulirudi nyumbani na jioni hiyo hiyo mke wangu akaupika. Tukiwa tunakula nikang'ata kitu kigumu. Nikakitoa mdomoni: kijiti cha meno, na kibendera kilicholowa mchuzi, kimeandikwa VALI kwa mwandiko wa binti yangu.

"Lete nikitupe, baba," akasema, anacheka huku amefunika mdomo.

Nikakifuta kwa shati, nikakitia mfukoni.