Salamu Usiiguse

"Salamu usiiguse," mume wangu aliniambia, macho kwenye skrini, mkono ukitafuta kikombe cha chai kilichokuwa upande wa pili wa meza. "Gusa chochote unachotaka. Salamu iache."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake, na nilichokitamani wakati ule ni kummwagia hiyo chai. Seva, kompyuta inayowahudumia wateja wetu wote, ilikuwa imeanguka tena asubuhi ile. Chumba cha mbele simu zililia bila kupumzika, zote zikipokewa na dada yake, na kila alipomaliza kumwomba mtu radhi alisema kwa sauti ya kutosha kupenya ukuta, "Tangu aje huyu."

Huyu nilikuwa mimi.

Ofisi yetu ilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la vioo. Wifi yangu ndiye aliyekuwa mkurugenzi, mpokea simu na hakimu. Zamani alikuwa fundi cherehani, tena fundi hasa, wanawake walimfuata kutoka mbali kwa ajili ya mkato wake. Akafunga cherehani siku mdogo wake alipomshawishi kwamba zahanati zote zitahitaji tovuti. Mdogo wake huyo, mume wangu, ndiye aliyeiandika programu. Mgonjwa anaingiza namba yake kwenye simu, seva inachukua kiolezo cha ukurasa, inajaza siku ya miadi, jina la daktari na majibu ya vipimo, kisha inampelekea ukurasa wake. Kiolezo kimoja, wagonjwa maelfu. Sikuona kasoro yoyote katika wazo hilo, na hadi leo sioni.

Salamu iliongezwa baadaye, kwa amri ya wifi. Alisema mtu anayeumwa hawezi kufika mahali akapewa namba na tarehe kama mzigo wa bandarini. Lazima asalimiwe, na kwa jina lake. Mume wangu akaiweka mchana mmoja. Ukurasa ukifunguka, juu kabisa, kwa herufi za kijani: habari za asubuhi, fulani, pole kwa kuumwa. Wifi aliipenda salamu ile kuliko kitu kingine chochote tulichowahi kutengeneza. Aliwaonyesha wageni, aliwaonyesha majirani, alimwonyesha mama yao, ambaye haumwi na hana simu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo. Mimi nilikuja na mwenyeji akaugua. Niliajiriwa pale baada ya harusi, mume wangu akinisifia kwamba nina jicho la makosa, na mwezi ule ule zikaanza siku ambazo seva inaanguka kabla ya adhuhuri. Ugonjwa wenyewe ulijulikana kwa dalili: kumbukumbu ilikuwa inajaa. Kompyuta ikifanya kazi huazima nafasi kwenye kumbukumbu, na kazi ikiisha inapaswa kuirudisha. Yetu ilikuwa kama jirani anayeazima sufuria kila siku na harudishi hata mfuniko. Asubuhi iliamka nyepesi, saa zilivyokwenda ikaanza kuhema, halafu chali. Waliobaki kwenye foleni walitazama ukurasa mweupe, na wengine walirudi nyumbani bila majibu yao.

Nani kavaa viatu vipya humu ndani? Mimi. Basi mimi ndiye niliyekanyaga tope.

Jumapili moja tulikuwa mezani kwa mama mkwe. Wifi akaweka kijiko chini. Alisema hospitali kuu inakuja kutuona wiki ijayo, itazame programu ikifanya kazi kwa macho yake kabla ya kutukabidhi wagonjwa wake, na kama seva itaanguka mbele ya wageni wale, mimi nitaondoka ofisini siku hiyo hiyo. "Tena nisije nikasikia ameletwa tena kwa mlango wa nyuma," aliongeza. "Wapo wanawake wanaojua kuingia kwenye familia na hawajui kufanya kitu kingine."

Mama mkwe alinitazama, akaangalia pembeni. Mume wangu alikuwa anachambua miiba ya samaki wake. Aliichambua vizuri mno, mmoja mmoja, akaipanga ukingoni mwa sahani. Nilisubiri aseme neno, lolote, hata la kubadilisha mazungumzo. Nilidhalilika pale kuliko nilivyowahi kudhalilika, na aliyenidhalilisha zaidi hakuwa yule aliyesema.

Nikaingia kazini kama mtu anayetafuta mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nilipitia kila mstari wa programu niliouandika mimi, kwanza kwa woga, kisha kwa hasira. Nilizima sehemu moja moja ya ukurasa na kuipa seva kazi. Na kila nilipoijaribu, ilikuwa nzima. Kumbukumbu ilipanda kidogo, ikatulia, ikakaa hapo kama mtoto aliyeshiba. Niliituma kazi mpaka mashine ikapata joto, wapi. Ikiwa kwangu ni nzima kabisa, ikipelekwa kwa watu inakufa.

Kuna jambo nikilikumbuka nacheka peke yangu, ingawa halichekeshi. Majaribio yote tuliyafanya kwa mgonjwa wa kubuni, mmoja tu, tuliyemwita Mzee Jaribio. Alikuwepo kabla yangu. Alishapimwa kila kipimo, alishapewa miadi na kila daktari, amepona na kuugua upya mara nyingi kuliko binadamu yeyote. Mtu akiingia ofisini asubuhi aliuliza, "Mzee kaamkaje?" na anayejaribu ukurasa akajibu, "Mzee hajambo." Na kweli, Mzee alikuwa hajambo siku zote. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini anayekufa kamwe si yeye.

Aliyenifungua macho alinifungua kwa matusi. Alikuwa mpokezi wa zahanati moja, na dakika hiyo wifi alikuwa ametoka kidogo, simu nikaipokea mimi.

"Nyinyi watu mna nini?" alifoka. "Nina kina mama wamejaa mpaka barazani, wamebeba watoto, ukurasa haufunguki! Kila siku ya chanjo mnatufanyia hivi hivi!"

"Siku nyingine je?"

"Siku nyingine zipi? Jana kulikuwa na watu wa sukari, wanafungua hizo kurasa zenu kutwa nzima, hapakuwa na shida. Leo watu wangu ndio mnawaona wajinga?"

Alikata kabla sijajibu. Nilibaki na mkonga wa simu mkononi. Watu wa sukari ni wale wale kila wiki, wanaofungua ukurasa na kuufungua tena kutazama namba zao. Siku ya chanjo ni watu wapya tupu. Kazi ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni majina. Na jina, kwenye ukurasa wetu, lilikuwa mahali pamoja tu.

Ndipo nilipokwenda kusimama nyuma ya kiti cha mume wangu, nikamuuliza salamu aliiandikaje, naye akanijibu niiache.

"Kwa nini niiache?"

"Kwa sababu imefanya kazi kabla hujaja."

Neno lile, kabla hujaja, lilikuwa la dada yake. Kulisikia kwenye kinywa chake kulinitosha. Nikarudi kwenye meza yangu na nikaigusa.

Niliunda wagonjwa wa uongo, umati, kila mmoja na jina lake, nikawaachilia kwenye seva. Kumbukumbu ikapanda. Sikuona ikipumzika hata mara moja. Ilipanda mpaka mashine ikaanguka mbele yangu, na nikapiga meza kwa furaha kama mtu aliyefunga bao. Nikaiondoa salamu, nikawarudisha wagonjwa wale wale. Kumbukumbu ikatulia.

Kosa lenyewe, nilipolifungua, lilikuwa dogo la kutia aibu. Badala ya kuacha nafasi tupu kwenye kiolezo ili jina lijazwe mwishoni pamoja na mengine, mume wangu alikuwa ameligandisha jina ndani ya kiolezo chenyewe kabla hakijatumika. Programu, ikiona kiolezo chenye neno jipya, iliamini ni kiolezo kipya. Ikakitengeneza kuanzia mwanzo, ikakiweka akiba kwa matumizi ya baadaye, na haikukitupa tena. Kila mgonjwa kiolezo chake. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa kwenye ukosi.

Kosa kama hilo hata mimi ningeweza kulifanya, mchana wenye haraka, dada mkali akisubiri mlangoni. Ningemsamehe kabla hajaniomba. Lakini katika kupekua nilikuta kitu cha pili: amri fupi, aliyoiweka kwenye seva muda mrefu kabla sijaajiriwa, ya kuizima na kuiwasha kila siku watu wanapokwenda kula. Haikuwa na maelezo. Ilikuwa imefichwa kati ya amri za kufuta mafaili ya zamani, mahali ambapo mtu haangalii. Kwa muda mrefu dawa ile ilitosha. Kisha zahanati zikaongezeka, wagonjwa wakawa wengi, na siku nyingine mashine ikawa haifiki mchana. Mtu hamnyweshi mwenzake dawa kila siku kama hajui kwamba anaumwa.

Alijua. Mezani kwa mama yake, akichambua ile miiba, alijua.

Sikumwambia kitu. Niliirekebisha salamu, nikaifuta ile amri yake, nikaacha seva ifanye kazi kutwa nzima bila kuzimwa. Nilijiambia nitampa nafasi. Nilitaka aseme mwenyewe, mbele ya dada yake, kwa kinywa chake. Nilitaka hivyo kwa nguvu ambayo leo inanitia huruma.

Asubuhi ya wageni wifi alituita chumba cha mbele kabla hawajafika. Alikuwa amevaa gauni aliloshona mwenyewe na uso wa kwenda kufukuza mtu.

"Haya. Itaanguka au haitaanguka?"

"Haitaanguka," nilisema. "Nimeupata ugonjwa."

"Ulikuwa nini?"

Nilifikiri namna ya kumweleza. "Wifi, ulipokuwa unashona, ukipata oda ya sare za shule nzima, ulikuwa unakata karatasi ngapi za kielelezo?"

"Moja kwa kila saizi. Kwani mimi kichaa?"

"Sasa chukua fundi anayekata karatasi mpya kwa kila mwanafunzi, kwa sababu tu jina lililoandikwa juu ni tofauti. Na kila akimaliza anaitundika ukutani, hatupi hata moja."

Alitazama ukuta wa chumba, na nilimwona akiujaza karatasi. "Atakosa pa kuweka mguu," alisema polepole. "Atatolewa nje na karatasi." Kisha akageuka. Hakuwa msomi wa kompyuta, lakini ufundi anaujua, na katika ufundi swali linalofuata ni moja tu. "Nani aliyekata hivyo?"

Nilimtazama mume wangu.

Alikunywa maji. Aliweka glasi, akaisogeza kidogo, akafuta alama ya maji kwa kiganja. "Dada, si muhimu nani," alisema. "Muhimu imepona."

Majuma yote yale ilikuwa muhimu sana ni nani. Ilikuwa muhimu kwenye simu, ilikuwa muhimu kupitia ukuta, ilikuwa muhimu juu ya samaki wa Jumapili. Asubuhi ile ikawa si muhimu tena.

Wifi alimtazama mdogo wake, na nikaona wazi kwamba ameelewa. Midomo yake ilifunguka. Kisha akainyoosha kola ya gauni lake na kusema, "Basi yaishe. Wageni wapo kwenye ngazi."

Wageni waliona walichokuja kuona. Walifungua kurasa kwa simu zao, kila mmoja akasalimiwa kwa jina lake, wakacheka kwa kupendezwa, wakaondoka wakiwa wetu. Nilipokuwa nasuuza vikombe wifi alikuja akasimama mlangoni mwa kichumba kile tulichokiita jiko.

"Wifi, ungeniambia," alisema.

"Ungeniamini?"

Alifikiri. "Nisingekuamini," alisema, akaondoka zake.

Nilimchukia yule mwanamke na sioni haya kusema. Lakini katika familia ile, jibu lile ndilo pekee la kweli nililowahi kupewa.

Jioni, nyumbani, jua lilikuwa bado dirishani. Mume wangu alikuwa anamenya viazi huku akiimba chini kwa chini. Hakuwa na uso wa mtu aliyekosa. Alikuwa na uso wa mtu aliyetua mzigo.

"Nilijua utaipata tu," aliniambia. "Wewe unanizidi kwa hilo. Nilimwambia dada tangu mwanzo, huyu ana jicho."

"Ulijua ni salamu."

"Nilihisi."

"Na ukaniacha nitukanwe."

Aliweka kisu chini. Alinieleza kwa upole, kama anavyoelezwa mtu aliyekosea hesabu rahisi. "Hebu fikiria. Mimi dada ananitegemea. Akiniona nimeharibu, kampuni yote inatikisika. Wewe hata hivyo hakupendi. Ulikuwa unapoteza nini?"

Halafu akachukua kiazi kingine.

Watu wakiniuliza ndoa yetu ilivunjwa na nini, huwa nasema kazi. Wanatikisa vichwa kwa huruma, wanadhani nilikuwa nachelewa kurudi nyumbani.